Kurudia operesheni ya pua baada ya miaka 11: nimeonana na watatu, mmoja tu ndo alochungulia ndani

Asalam alaykum. Nimekaa na hii rivyuu kichwani wiki nzima, leo watoto wamelala mapema nikasema niandike yote, kwa sababu mie nilipokuwa natafuta mtu aloandika kwa Kiswahili kuhusu kurudia operesheni ya pua sikupata hata mmoja, na najua tupo wengi, hapa Muscat, Unguja, Mombasa, Dar, tulofanya pua zamani na sasa kuna kitu hakijakaa sawa na tunaona haya kusema. Niseme mapema, bado sijapasuliwa mara ya pili. Naandika kuhusu kuonana na madaktari tu, watatu ndani ya miezi 4, majina yao siyataji wala ya kliniki zao.

Pua ya kwanza nilifanya 2014, Shiraz. Wa hapa Oman mnajua, Shiraz kwa mambo ya hospitali ni kama jirani, ndege fupi, wanaokuhudumia wengi wanaongea Kiarabu, asubuhi ukishuka hotelini kunywa chai unakuta mabinti watatu wanne wa Kiomani wana plasta usoni wamekaa na mama zao. Wairani wenyewe hawajifichi, wanakwenda sokoni na plasta yao mchana kweupe. Nilikuwa na miaka 22 na pua ya upande wa babangu, ndefu na ina nundu katikati, babu alizaliwa nayo Unguja akaja nayo Muscat miaka ya 70 na sisi sote tukarithi. Skuli niliitwa jina ambalo mpaka leo sitaki kuliandika. Nililipa kama riali 700 za Oman, nikakaa na plasta ngumu wiki moja, siku ya nane ikatolewa nikapewa kioo, nikalia kwa furaha. Na nisiwadanganye, nilifurahi kweli, mwaka wa kwanza, wa pili, picha zangu za harusi za 2016 mpaka leo naziangalia na nazipenda.

Shida haikuja siku moja. Kama mwaka wa nne hivi nikaanza kuona kivuli pande zote mbili za pua pale katikati, chini kidogo ya mfupa, kama V ilopinduliwa, nikipigwa picha na taa iko juu ndo inaonekana kabisa. Mpambaji wangu akawa anaijaza kwa poda bila kunambia kitu, mie naona tu brashi inarudi pale pale, inarudi pale pale, nikajua keshaona. Afu ncha ya pua ikaanza kwenda kulia taratibu. Afu ikaja pumzi.

Hii pumzi ndo ilonitoa nyumbani jamani. Usiku nalala mdomo wazi, naamka koo imekauka kama nimekula mchanga, mume wangu ananambia nakoroma na mie sikuwa mtu wa kukoroma. Nikivuta pumzi kwa nguvu, kwa mfano napanda ngazi, tundu la kulia linajifunga lenyewe, yaani ule ukuta wa pembeni unaingia ndani, unauona kwenye kioo kabisa. Nikisujudu muda mrefu kidogo nainuka sina pumzi. Nikaanza kutumia ile dawa ya famasi ya kupuliza puani inayofungua hapo hapo, mwanzo usiku tu, afu mara mbili, afu nikawa siwezi kutoka nyumbani bila chupa kwenye mkoba. Miezi 7 nimeitumia. Hii chupa ikumbukeni, ntairudia.

Mamangu alikataa kata kata. Hata 2014 alikubali kwa shida, sasa akasema ushabadilisha mara moja, unataka nini tena. Alotuliza nyumba ni khaloo, kaka yake mama, alikuja Ijumaa kula, akamsikiliza mama mpaka akamaliza, afu akasimulia kisa cha Arfaja bin As'ad, yule sahaba alokatwa pua siku ya vita vya Kulab zama za ujahili, akajitengenezea pua ya fedha, fedha ikamharibikia ikatoa harufu, Mtume SAW akamwambia aweke ya dhahabu, na dhahabu unajua kwa wanaume ni haramu. Khaloo akasema, "Huyu naye alirudia pua, dada." Akaongeza kwamba Majmaa ya kimataifa ya Fiqhi, lile baraza la wanazuoni wa sheria za Kiislamu, walipokaa Malaysia 2007 walitenganisha mambo haya, kurekebisha kasoro na kuondoa madhara ni kitu kimoja, na kubadilisha umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio ni kitu kingine. Mama akanyamaza kidogo, afu akanambia basi nenda, lakini nenda kwa ajili ya pumzi. Na mie nikabaki na jambo sikumwambia mtu, maana ukweli nilitaka vyote viwili, nipumue na kile kivuli kiondoke.

Sasa madaktari.

Wa kwanza kliniki ya Istanbul, kwa simu. Hapa unaanza na mratibu, dada mmoja anaandika Kiarabu kizuri, mpole sana, nikatuma picha 5 za pua, mbele, pembeni, chini. Ndani ya saa 2 nikarudishiwa picha yangu mwenyewe imetengenezwa kwa kompyuta, pua nyembamba, imenyooka, ncha imeinuka, na bei yake euro 5,800 pamoja na hoteli usiku 7 na gari ya kukupokea uwanja wa ndege. Niliitazama ile picha mpaka saa 8 usiku, siwezi kukataa. Lakini nilipouliza gegedu la kujengea, yaani ile nyama ngumu kama ya sikioni inayosimamisha pua, mtatoa wapi, akanambia daktari ataamua siku ile ile. Nikauliza pumzi, akajibu pumzi itakuwa sawa inshaAllah. Nikaomba kuzungumza na daktari mwenyewe, nikapewa dakika 6 za vidio, yeye yuko kwenye gari, akaniambia geuka kulia, geuka kushoto, sawa, tunaweza. Hakuniuliza nimefanyiwa nini mara ya kwanza. Hakuniuliza kama nna kovu lolote mwilini, na hili lilikuwa la muhimu kuliko yote kama mtakavoona. Afu ikawa kila siku meseji, ofa inaisha Alhamisi, imebaki nafasi moja, Alhamisi ikapita ofa ikawa ya Jumapili. Sisemi Istanbul pabaya, kule wamo mabingwa hasa wa pua za kurudia na watu wanatoka dunia nzima kwenda kwao, ila mie huduma nilopata hii siwezi kuipa zaidi ya nyota 2, na hizo 2 ni za yule dada, alikuwa na subira na mie.

Wa pili ni kliniki ya urembo hapa hapa Muscat, hawa wa sindano za kujaza. Pazuri, panapendeza, kahawa na halwa, unaitwa ukhti kila neno. Daktari alikaa upande wake wa meza mie upande wangu, akanitazama, akasema hakuna haja ya kisu, tutajaza pale palipobonyea kwa sindano, dakika 20 unarudi kazini. Riali 180. Nilikaribia kukubali jamani, nilikuwa nshatoa kadi. Kilichonizuia ni karatasi ya kusaini, nikaisoma yote, kuna pahala pameandikwa kufa kwa ngozi na kupoteza kuona. Nikamuuliza, akasema hiyo ni ya kisheria tu, haitokei. Nikasema ntarudi, sikurudi. Baadae ndo nilikuja kuelezwa vizuri, kwamba mishipa ya damu ya pua imeungana na ya jicho, dawa ikiingia ndani ya mshipa inaweza kusukumwa mpaka kwenye jicho au ikaziba damu ya ngozi ya pua ikafa, na pua ilopasuliwa zamani ndo khatari zaidi kwa sababu mishipa yake imeshakatwa ikaota upya kwa njia zake na kovu limeishika, huwezi kujua upi umepita wapi. Mtu anaekaa na wewe hapo lazima akwambie haya kwa mdomo wake, asikuachie karatasi. Nyota 1.

Sasa huyu wa tatu, na huyu ndo sababu ya rivyuu hii. Ni daktari wa pua, koo na masikio ambae kazi yake kubwa ni pua za kurudia, hospitali ya binafsi, kumuona riali 30. Nilipata nafasi baada ya wiki 5, na siku yenyewe nilikaa barazani saa 1 na dakika 50, watoto wanalia, kiyoyozi kinaganda, pa kuegesha gari hakuna, mapokezi hawakwambii kitu mpaka uende mara tatu. Hayo ni mapungufu na nayaandika. Kulikuwa na nesi mtu mzima mwenye asili ya Unguja, aliposikia nazungumza na simu kwa Kiswahili akaja akanishika bega, "Mwanangu, usiondoke, huyu anachelewa kwa sababu kila mtu anamsikiliza." Na kweli.

Niliingia nikakaa, kabla sijafungua mdomo kuhusu sura yangu akaniuliza, "Unalala vipi?" Nikaanza kueleza afu nikajikuta nalia, maana miaka yote hakuna mtu aloniuliza hivo, kila mtu anatazama pua kwa nje. Akaniacha nikamaliza. Akauliza ilifanywa lini, wapi, kwa kukatwa nje au ndani, nna ripoti ya operesheni? Sina. Nikamwambia niliwahi kuomba, wakanijibu faili za zamani hivo hawana tena. Akatikisa kichwa, akasema karatasi ile ingemwambia gegedu kiasi gani lilitolewa na kutoka wapi, sasa itabidi atafute kwa mkono. Wallahi mlofanya juzi juzi, au mnataka kufanya ya kwanza, iombeni ile ripoti siku ile ile kabla hamjapanda ndege, muiweke na pasipoti zenu.

Afu akanishika pua. Hii nataka kuieleza pole pole. Akaweka kidole gumba juu ya ncha akabonyeza kidogo, akaachia, akabonyeza tena, akanambia sikiliza mwenyewe, weka kidole chako. Nikaweka. Ncha inazama kama godoro lililokwisha, hakuna kinachoisukuma irudi, akanambia ncha yenye nguzo inarudi, hii ngozi na kovu ndo zinaishikilia. Afu akachukua kijiti chenye pamba, akaingiza ndani taratibu akawa anagusa ukuta wa kati, mbele unahisi kigumu, akisogea nyuma kidogo pamba inazama laini, gegedu la pale halipo, walishalichukua 2014 au walilitoa wakanyoosha. Afu kamera nyembamba, nikaona kwenye skrini ndani ya pua yangu mara ya kwanza katika maisha yangu, uwekundu mtupu, nyama zimevimba. Afu ndo akafanya kile ambacho sitakisahau. Akaniambia fumba mdomo, vuta pumzi. Nikavuta, tundu la kulia likajifunga kama kawaida yake. Akaingiza kile kijiti ndani kwa juu, akakisukuma ukuta wa pembeni kidogo tu kwenda nje, labda upana wa punje ya mchele, akasema vuta tena. Hewa ikaingia. Ikaingia baridi mpaka nyuma ya kichwa. Nilishika mkono wake bila kujijua nikamwambia usitoe.

Akanieleza, pale ndo mlango mwembamba kuliko pote katika njia ya pumzi, pembe yake nyuzi 10 mpaka 15 tu, ndo maana ukipungua kidogo unaumia sana. Nundu ikikatwa, yale magegedu ya pembeni yanaachana na ukuta wa kati, yasipofungwa vizuri au yasipowekewa vipande vya kuyatanua, miaka inakwenda, uvimbe unakwisha, ngozi inakauka na kubana, yanaporomoka kwa ndani. Kwaiyo kile kivuli cha V na ile pumzi ni kitu kimoja. Nilikaa kimya. Mie nilikuwa nimeshajigawa mara mbili, mtu wa pumzi anaemridhisha mamangu na mtu wa sura anaejificha, kumbe mahala ni pale pale, ukijenga ndani na kivuli cha nje kinajaa.

Lakini hakunifurahisha tu. Aliniambia maneno magumu na naona ndo thamani ya riali 30 zenyewe. Kwanza, pua ya kabla ya 2014 hairudi na pua ya 2014 hairudi, tunajenga kwa kilichobaki. Pili, kwa vile ukuta wa kati hauna akiba, na kile kilichobaki hakiguswi maana lazima ibaki nguzo ya sentimita 1 hivi mbele na juu pua isije ikalala, gegedu litoke sikioni au ubavuni. La sikio ni laini na limepinda, zuri kwa vitu vidogo, kwa kusimamisha ncha kama yangu halitoshi. La ubavuni lina nguvu, lakini linaweza kujipinda baadae, na kifua kinauma wiki kadhaa, na ipo khatari ndogo ya kutoboa utando wa pafu. Akanibonyeza chini ya titi la kulia, nesi yule yule amesimama pembeni, akanionesha mkato utakaa wapi, kama sentimita 3.

Hapo akaniuliza, "Sikio hili limefanya nini?" Mie nna kovu juu ya sikio la kushoto, nilitoboa tundu la pili nikiwa na miaka 19 likavimba likawa kama punje ya njegere, nimelizoea mpaka sikuona kama ni habari. Akalivuta akaliangalia kwa taa, akauliza mamako anayo? Dada zako? Nikasema dada yangu anayo kifuani, alipochomwa sindano. Akaweka kalamu chini. Akasema kovu la kuvimba namna hii linapenda sana masikio na kifua, na sisi watu wenye asili ya Afrika tunalo zaidi, na mahala pawili nnapotaka kuchukua gegedu ni sikio na kifua. Si kwamba haiwezekani, puani penyewe hutokea mara chache, ila lazima tupange kabla, sindano za kuzuia, kufuatilia kila mwezi, na wewe ukubali kwamba unaweza kupata pumzi ukapata na kovu chini ya titi. Jamani, kwenye vidio ya dakika 6 nani angeliona sikio langu? Mie navaa shela.

Akaniuliza pia maswali ambayo mwanzo niliona makali. Kwa siku natazama pua kwenye kioo mara ngapi. Kuna siku nishaacha kwenda harusini kwa sababu yake. Mume anasemaje. Nikipumua vizuri na kivuli kikabaki nusu, ntakuwa radhi au ntataka ya tatu? Nilijibu ukweli, kwamba kivuli kikibaki nusu ntaumia lakini ntaishi. Akasema wapo watu anawakataa kabisa, si kwa sababu ya pua, kwa sababu tatizo halipo puani na kisu kitawaumiza zaidi, na akiona hivo anawapeleka kwa daktari wa nafsi kwanza. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Nikamuonesha ile picha ya Istanbul. Akaitazama akasema nzuri, lakini hii ni picha ya ngozi, kompyuta haijui chini ya ngozi kuna nini. Yeye picha za kutengeneza hafanyi kwa pua za kurudia, na picha za wagonjwa wake hanioneshi maana hakuwaomba ruhusa. Hapa mie nilikasirika kidogo na bado naona angetafuta hata wawili watatu wa kuwaomba, mtu anaetoa riali 2,900 ana haki ya kuona kazi ya mkono. Ndio, bei ni hiyo, 2,900 kwa ubavu, usingizi, hospitali usiku mmoja na kumuona mwaka mzima. Ghali kuliko tiketi na hoteli na kisu cha Istanbul vyote pamoja, najua. Lakini nikahesabu, pua ya kurudia inakaa na uvimbe mwaka na nusu hata miwili, ngozi nene ndo zaidi, na huo uvimbe nani atauangalia nikiwa huku na daktari yuko Istanbul? Shiraz nilipata plasta na kwaheri, hakuna alonipigia hata kuniuliza nnapumua.

Afu nikategemea ataniandikia tarehe. Hakuniandikia. Alichukua mkoba wangu, kwa ruhusa, nikamtolea ile chupa ya famasi, akaisoma, akauliza muda gani? Miezi 7. Akaiweka upande wake wa meza wala hakunirudishia. Akasema hii ni ya siku 3 mpaka 5, ukizidisha nyama za ndani zinaizoea, dawa ikiisha zinavimba kuliko mwanzo, unapuliza tena, ndo mduara, na hizo nyama nyekundu nilizoziona kwenye skrini sehemu ni kazi ya chupa hiyo, na vumbi la Muscat na kiyoyozi cha usiku kucha. Hawezi kupasua pua ambayo hajui ukuta umeziba kiasi gani na uvimbe umeziba kiasi gani. Kwaiyo nimepewa dawa nyingine ya kupuliza ya kutuliza uvimbe, hii inafanya kazi taratibu, na kusafisha kwa maji ya chumvi mara mbili kwa siku, maji yawe yamechemshwa yakapoa, wiki 8, na usiku nibandike vile vibandiko vya famasi vinavovuta pua kwa nje. Akasema nikilala vizuri na kibandiko, nayo ni dalili kwamba mlango ule ukitanuliwa ntapona.

Wiki mbili za mwanzo bila ile chupa zilikuwa mbaya, nisiwafiche, nililala nimekaa, nikimchukia daktari. Wiki ya tatu pua ya kushoto ikafunguka yenyewe alfajiri, nikamuamsha mume wangu kumwambia. Leo niko wiki ya 6. Kushoto karibu sawa. Kulia bado kunajifunga nikivuta kwa nguvu, lakini nikibandika kile kibandiko nalala mpaka adhana bila kuamka, na mdomo umefungwa. Mamangu ananiuliza kila siku kwenye simu, umelala? Haniulizi tena nataka nini.

Kama na wewe unafikiria kurudia, na mwaka umeshapita tangu ya kwanza, maana kabla ya mwaka wengi hawagusi, basi mie nakushauri uvuke zile picha, tafuta mtu wa pua na koo anaejua ndani na nje, nenda mwenyewe na mwili wako, mtaje kila kovu ulonalo hata la tundu la herini, na kama hajakugusa pua kwa mkono usimpe amana ya pesa. Ukiona anakwambia kila kitu kinawezekana, ondoka. Wa Tanzania siku hizi hata Muhimbili Mloganzila wanafanya upasuaji rekebishi, na madaktari bingwa wa pua na koo Muhimbili wapo miaka yote, si lazima kila mtu apande ndege, angalau uanze kwa kuchunguliwa.

Nyota 4 kwa huyu wa tatu. Ya tano ameikosa kwa ajili ya ule ukumbi wa kungojea na zile picha. Nna miadi nae tarehe 19, ataingiza tena kile kijiti cha pamba, na dada yangu nakwenda nae, amesema atavua shela amuoneshe lile kovu la kifuani alione mwenyewe, wakubaliane ubavu au sikio. Kama kuna yeyote humu alotolewa gegedu la ubavuni na ana kovu za kuvimba kama zetu, tafadhali niandikie lilivopona, hata kama ni maneno mawili, nasoma zote.